Mbona juala liliisha na mshipi ukabaki pambo?

Mtu_wa_Dandora: Wadau hebu nisaidieni. Agosti 2017 serikali ya Kenya ilipiga marufuku majuala ya plastiki, tukasema hizo ni kelele zitaisha, na leo ukiingia supamaketi bila begi unajiona mshamba. Lakini sheria za Michuki, yule waziri wa uchukuzi aliyebana matatu, zilianza 2004, watu wakafunga mshipi kwa matatu mpaka wakazoea, saa hii ukiufunga jirani anakuangalia kama umeshuka kutoka ushago jana. Zote sheria, zote zina faini. Tofauti ni nini?

Bibi_ya_Fundi: Uliza nani anashikwa. Faini ya juala ilikuwa milioni 2 hadi 4, ama jela mwaka 1 hadi 4, ama vyote viwili, sasa mwenye duka gani atacheza na hiyo? Waliacha kutoa, mimi mteja sikuulizwa maoni. Mshipi nao unataka karao asimame barabarani kila siku, na akisimama anaongea na makanga, si mimi.

sukumawiki254: Liliisha wapi 😂 Mama mboga wangu akishakatakata sukuma anachomoa kale kajuala kembamba kutoka chini ya gunia, anaangalia kushoto kulia utadhani anauza bangi. Ingawa hapo pia kuna kitu, kwa sababu zamani yalikuwa yananing'inia hapo mbele kwa kibanda na hakuna mtu alijali.

Kaka_Jogoo_Rd: Mnasahau sigara. Watu walikuwa wanavuta ndani ya matatu vizuri tu, ikaja sheria ya tumbaku ya 2007, leo jaribu kuwasha moja uone, abiria watakushusha kabla makanga hajageuka, na hakuna polisi hapo. Moshi wako unaingia kwangu ndio maana napiga kelele. Usipofunga mshipi naona ni shauri yako (gari ikibingirika utaniangukia lakini nani anawaza hayo saa kumi na mbili asubuhi). Kwa hivyo Bibi_ya_Fundi nakukatalia kidogo, faini inaanzisha lakini wa kuimalizia ni jirani.

Bibi_ya_Fundi: Jirani alianza kupiga kelele baada ya sheria kumpa nguvu. Kabla ya hapo alikuwa anafungua dirisha na kunyamaza.

Mtu_wa_Dandora: Hiyo ya jirani nimeikubali. Lakini mishipi yenyewe mmeiona? Wangu leo ulikuwa mweusi wa mafuta na hauna pa kufungia, makanga akasema "shikilieni tu tupite hao makarao". Gari nzima tukashikilia.