Uzi wa Mafia: ulifika majira gani, maji yakiwaje, na uliona nini? Tupeane uzoefu

Pwani Kwanza (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Kila ikikaribia Desemba watu hunitafuta faragha kuulizia safari ya kisiwa cha Mafia, na maswali ni yale yale: nilale wapi, nauli shilingi ngapi. Ni maswali ya maana, ila yanatangulia la kwanza. La kwanza ni maji.

Wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi kuandama na mwezi mpevu, bahari ya pale hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita tatu. Boti ya kwenda magofu ya Kua, kisiwani Juani, inataka maji yaliyojaa ndipo ipenye kwenye mikoko. Fungu la mchanga la Marimbani linataka maji yaliyotoka ndipo upate pa kukanyaga. Ufuo wa kijiji cha Utende asubuhi moja ni bahari hadi kwenye ngazi, asubuhi nyingine ni tambarare ya tope na majani ya bahari, na mashua zimelala ubavu. Mtu anakuja siku mbili tatu bila kuuliza mwezi uko wapi, kisha anarudi Dar kutangaza kwamba Mafia hakuna kitu. Inaniuma, kwa sababu pale pana hifadhi ya bahari ya kwanza nchini, iliyoanzishwa mwaka 1995, yenye kilomita za mraba 822, na watu wanaishi ndani yake na kuvua humo humo.

Kwa wasiojua kuhesabu: mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, maji hujaa karibu na saa kumi alfajiri na saa kumi alasiri, na hukauka karibu na saa nne asubuhi na saa nne usiku. Kila siku yanasogea mbele kama dakika 50. Ikipita wiki unaingia kwenye maji mafu: kujaa saa nne, kukauka saa kumi, na tofauti yenyewe ni ndogo. Ukishika hilo, nusu ya safari umeshaipanga.

Tusimuliane. Bei naomba tuziache, zinabadilika kila msimu.

Mjukuu wa Nahodha

Mimi nianze na njia, kwa sababu wengi wanaruka kwa ndege kutoka Dar, nusu saa wameshatua Kilindoni, mji mkuu wa kisiwa, na hawajui wanachokosa. Nilipanda gari Mbagala hadi Nyamisati, kisha kivuko. Nyamisati iko ndani ya delta ya Rufiji, kwa hiyo hata saa ya kuondoka inafuata maji. Mwanzo mnapita katikati ya mikoko, maji ya kahawia, mizizi imesimama juu ya tope kama miguu ya kaa. Kisha mikoko inaachia, maji yanageuka kijani, na mbele kabisa buluu. Mzee mmoja aliyekaa karibu nami na magunia yake alinionyesha mahali maji ya mto yanapokutana na ya bahari: mstari wa povu na vijiti, mrefu, unauona kwa macho. Akaniambia, "Hapo ndipo dagaa wanapopapenda, mwanangu." Ni mwendo wa saa nne hivi mpaka Kilindoni. Kama mna muda, jamani, pandeni kivuko.

Kutoka Kilindoni hadi Utende ni lami na bodaboda zipo. Njiani kuna geti la hifadhi, hapo unalipa kiingilio. Tunza risiti, utaulizwa.

Halafu Chole. Kisiwa kidogo, hakina gari hata moja. Kulikuwa na makao ya utawala wa Wajerumani kabla hayajahamia Kilindoni, na majengo yao sasa yameshikwa na mizizi ya miti, yote ni magofu: kuta zinasimama kwa sababu mizizi imezikumbatia. Lakini nilichokwenda kuona mimi ni popo. Si hawa wetu wa darini. Ni popo wakubwa wala matunda, jamii ya wale wa Komoro, wananing'inia mchana kutwa kwenye miti mikubwa kijijini, wanagombana, wanajipepea kwa mbawa. Jua likizama wanaondoka kwa makundi, wanavuka maji kwenda kisiwa kikubwa kutafuta maembe na maua. Nilikuwa kwenye mashua narudi Utende wakati huo, na wakapita juu yetu chini chini, unasikia ngozi ya mbawa. Wanakijiji wenyewe wanawalinda, hakuna anayewapiga manati. Msipige kelele chini ya miti ile ili waruke mpate picha. Mchana ndio usingizi wao.

Binti Tanga

Asante mkuu kwa uzi. Mimi nina la papa potwe, yule samaki mkubwa sana mwenye madoa meupe, na naomba mnivumilie, ni refu.

Nilikwenda mwezi wa kumi na mbili, upepo wa kaskazi umeshaanza, bahari ya upande wa Kilindoni shwari kabisa. Hili watu wanachanganya: Utende na Chole ni mashariki kusini, potwe wanaonekana magharibi, mbele ya Kilindoni, upande unaotazamana na Rufiji. Tuliondoka asubuhi. Nahodha hakutumia chombo chochote cha kisasa kuwatafuta. Alitazama ndege, na alitazama boti za wavuvi wa dagaa, maana potwe na wavuvi wanafuata riziki ile ile. Alituambia kwamba zamani na sasa potwe huingia kwenye nyavu, na wavuvi wakimwona humfungulia atoke, kwao ni ishara kwamba chakula kipo.

Kwanza nikaona kivuli. Kisha pezi. Nahodha akasema, "Dada, ingia taratibu, usiruke." Nikashuka kwa mgongo, nikatia uso majini, na sikuona kitu isipokuwa maji yenye vumbi vumbi. Lile vumbi ndilo chakula chake: uduvi wadogo sana, maelfu kwa maelfu. Ghafla vumbi likapasuka, ukatokea mdomo. Mpana, wazi, hauna haraka. Mbele ya mdomo walikuwa samaki wadogo wa manjano wenye mistari myeusi, wanaogelea pale pale bila kumezwa. Chini ya tumbo chazo wamebandika. Akapita ubavuni kwangu na madoa yake meupe, safu kwa safu hadi mkiani, na mkia ule ndio wa kuogopa, si meno, kwa maana ukikupiga utaumia bila yeye kukusudia.

Wengi wa pale ni madume ambao hawajakomaa, mita sita, saba. Madoa ya nyuma ya mashavu hayafanani kwa potwe wawili, kwa hiyo watafiti huwatambua kwa picha, na wamegundua jambo lililonifurahisha sana: baadhi hawaondoki. Msimu ukiisha, wanashuka chini zaidi na kusogea mbali na ufuo, ndiyo maana hatuwaoni, ila bado ni wakazi wa Mafia.

Sasa ombi langu. Kulikuwa na boti nyingine siku ile, na watu wake waliogelea mbele ya potwe, wakamzingira, mmoja akamshika pezi. Samaki alizama, na hakurudi tena. Sote tukamkosa, nao wakamkosa. Kaa ubavuni, mita kadhaa, usimguse, usimkate njia, usiwashe taa ya kamera. Mkiona nahodha anawaambia "mshikeni tu, hana shida", mwambieni hapana. Yeye anataka mfurahi, mkikataa nyinyi wateja ataacha.

Kaka Mtembezi

Dada, msimu hasa ni lini hadi lini?

Binti Tanga

Oktoba hadi Februari au Machi kaka. Novemba hadi Februari ndipo penye uhakika zaidi.

Mwalimu wa Ikwiriri

Mimi nilikwenda likizo ya katikati ya mwaka, upepo wa kusi unavuma, potwe hakuna. Lakini ndio wakati wa kasa, na kwa yale niliyoyaona Juani sikujuta kukosa potwe.

Ufuo wanaotagia uko upande wa mashariki wa Juani, unaotazama bahari kuu. Mashua inakushusha upande wa pili, kisha unavuka kisiwa kwa miguu, kwenye vichaka na mawe ya matumbawe yanayokwaruza, kwa hiyo vaa viatu vya kufunika vidole. Tulikuwa na mlinzi wa viota, kijana wa pale pale kijijini. Kasa akishataga, walinzi huandika tarehe, wanakizungushia kiota alama, na kikikaribia wiki saba au nane wanaanza kukiangalia kila siku. Kiota kimoja ni mayai kama mia moja. Mchanga ukiwa wa moto zaidi wanatoka majike wengi, ukiwa wa baridi madume wengi, kwa hiyo kivuli cha mti mmoja ufuoni si jambo dogo.

Alituweka pande mbili, katikati njia wazi hadi majini, akatuagiza tusawazishe nyayo zetu, kwa sababu shimo la kisigino kwa kiumbe cha urefu wa kidole ni korongo. Mchanga ukaanza kutitia. Kikatoka kichwa kimoja, kikatulia. Kisha vikafumka vyote kwa pamoja, vinapiga mapezi, vingine vinapinduka na kujiinua. Mtoto mmoja katika kundi letu alitaka kubeba kimoja akipeleke majini kwa huruma. Mlinzi akamzuia kwa upole: "Mwache mdogo wangu, hayo ndiyo mazoezi yake." Nikaviona vikipokelewa na wimbi la kwanza na kurudishwa, la pili na kurudishwa, la tatu vikaenda.

Sehemu ya malipo ya wageni inaingia kijijini, na anayetoa taarifa ya kiota anapewa chochote. Nilimuuliza mlinzi kama watu bado wanakula mayai. Akasema wapo, lakini sasa jirani anaona aibu kuonekana.

Mpemba Halisi

Ndugu mwalimu, umenigusa. Mimi ni wa Pemba. Mwezi wa tatu mwaka 2024 kule Kisiwa Panza watu tisa walifariki kwa nyama ya kasa, wanane wao watoto. Kasa anaweza kubeba sumu ambayo kupika hakuiondoi, na wala huijui kwa harufu wala ladha. Kwa hiyo yeyote atakayekaribishwa nyama ya kasa popote pwani, hata kwa heshima ya ugeni, akatae.

Mke wa Mvuvi, Utende

Shikamooni wakubwa. Mmesema sana ya majini, mimi niseme ya pwani ikikauka. Wageni wanalalamika, "Tope tupu." Njooni saa nne asubuhi siku za bamvua muone tope hilo lina nini. Akina mama tunashuka na ndoo kutafuta chaza na pweza. Vitwitwi waliotoka huko Ulaya na kwingine kwenye baridi wanajaa kuanzia Oktoba, wanachokora tope pamoja nasi. Kuna nyasi za bahari, ndani yake watoto wa changu na tasi wanakulia. Tembeeni kwenye mchanga, si juu ya matumbawe, jiwe lile lina uhai. Vaeni viatu, kuna nungu wa baharini wenye miiba mirefu myeusi. Mwiba ukikuchoma usiuchokonoe, sisi tunapaka utomvu wa papai bichi.

Na msitununulie makombe makubwa, yale ya kupulizwa kama baragumu. Mwenye kombe hilo ndiye anayemla kiti cha pwani chenye miiba, yule mnyama wa umbo la nyota, na huyo kiti cha pwani ndiye anayemaliza matumbawe. Mkinunua, vijana wataendelea kuyaokota. Nunueni ukili, mikeka yetu, samaki.

Mkipita vijijini jifunikeni, tafadhali. Ufuo wa hotelini ni mambo yenu, lakini Chole na Jibondo mnapita mbele ya milango ya watu na misikiti. Jibondo pia msiombe maji ovyo: kisiwa ni mwamba, maji ya kunywa hufika kwa chombo. Bebeni yenu. Mkienda mtaona mafundi wanaunda majahazi kwa mkono, hilo peke yake linatosha siku nzima.

Kaka Mtembezi

Nimejifunza mengi. Nataka kumpeleka mama yangu mzazi, ana miaka 70 na zaidi, magoti yanamsumbua. Nimepata likizo Agosti. Nighairi nisubiri Desemba?

Pwani Kwanza

Usighairi kaka. Agosti kusi bado ina nguvu, kwa hiyo usimpeleke nje ya ghuba, ila ndani ya ghuba ya Chole matumbawe na visiwa vinakinga. Joto limepungua, kwa mtu mzima ni nafuu kuliko Januari. Potwe hatawaona. Ufuo wa kasa Juani kule ng'ambo kwa magoti yake hapana, wewe nenda yeye abaki Chole, njia za kule ni tambarare na atakaa kivulini chini ya popo na kupiga soga na wenyeji.

Jambo moja tu la kushikilia: asipande wala kushuka chombo Utende maji yakiwa makavu, atatembea kwenye tope linaloshika mguu. Siku za bamvua muondoke alfajiri maji yakiwa bado juu au msubiri alasiri, na kurudi vivyo hivyo. Siku za maji mafu mna nafasi kubwa zaidi, na kwa mama ningechagua hizo. Nahodha mwambie tangu jana yake kwamba una mtu mzima, alete chombo karibu na aweke ngazi. Na upige simu kabla kuulizia viota, walinzi wanazo tarehe za kutaga na watakukadiria.

Ukipata tarehe za likizo ziandike hapa, nitakuhesabia maji siku kwa siku.