Mjadala: Kozi za mtandaoni ziache maswali ya kuchagua jibu, watu wahojiwe kwa mdomo?

Mchokonozi wa Makole (mleta mada)

Wakuu, salaam. Naleta hoja moja, na naomba tuijadili bila kurushiana vijembe.

Siku hizi hapa Dodoma huwezi kumkosa mtu anayesoma kozi ya mtandaoni. Mtumishi wa Mtumba, mji wa serikali, anasomea manunuzi akiwa mezani kwake, afisa ugani anasomea kilimo cha zabibu kwenye simu, mwalimu naye vivyo hivyo. Mwisho wa moduli yanakuja maswali 10 ya A, B, C, D. Ukipata nusu umepita, ukikosa unarudia, na mara nyingi maswali ni yaleyale. Cheti kinajitoa chenyewe.

Tupige hesabu. Mtu ambaye hakusoma hata mstari mmoja, akibonyeza tu kwa kubahatisha, ana uwezekano wa karibu asilimia 8 wa kupata 5 au zaidi kati ya hayo 10. Kwa jaribio moja si kitu. Mruhusu ajaribu mara 10, na uwezekano wa kupita angalau mara moja unavuka nusu. Hapo sijagusa skrinshoti za majibu zinazozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp.

Hoja yangu: kozi yoyote ambayo cheti chake kinatumika kazini iachane na maswali ya kuchagua. Msomaji afanye kazi ndogo pale alipo, kisha mkufunzi ampigie simu dakika 5 amuulize kwa nini alifanya vile. Afisa ugani alete picha ya mzabibu kabla na baada ya kupogoa, aulizwe kwa nini jicho hili kaliacha na tawi lile kalikata. Anayejua atajibu hata akiwa anakula. Asiyejua atababaika hata ukimwachia desa mkononi.

Nawasilisha.

Mgogo Halisi

Naunga mkono hoja. Ofisini kwetu kuna jamaa alifanyiwa kozi ya usalama wa mtandao na mwenzake. Alimpa nywila yake. Cheti amekibandika ukutani.

Chaki Nyeupe

Mleta mada, umepiga hesabu ya kubahatisha, sasa piga na hii. Mimi ni mkufunzi, darasa langu la mtandaoni lina watu 240. Dakika 5 kwa kila mmoja ni dakika 1,200, yaani saa 20 za kuongea tu. Bado hujaweka "haloo, nakusikia kwa mbali", asiyepokea, na anayekwambia yuko kwenye basi Manyoni huko, umpigie baadaye. Hiyo ni moduli moja. Kozi ina sita.

Halafu haki iko wapi? Wa kwanza namhoji saa 2 asubuhi nikiwa na nguvu, namsaidia kidogo akikwama. Wa mwisho namfikia saa 12 jioni, koo limekauka, akisita sekunde mbili nishamwandikia sifuri. Swali la kuchagua lina ubaya wake, ila halichoki wala halimjui mtoto wa nani anajibu. Kuhoji kwa mdomo watu 15 ni raha. Kwa 240, mtakuja kunizika Nkuhungu.

Fundi wa Maswali

Mnalaumu sufuria, mpishi mmemwacha.

Kazi yangu ni kutunga mitihani, na niwaambie tatizo la hizo kozi si A, B, C, D. Tatizo ni mtungaji aliyekaa usiku mmoja akafyatua maswali 60. Hao tunawajua: jibu sahihi ndilo refu kuliko yote, "yote yaliyotajwa hapo juu" ni sahihi kila mara, na swali linauliza kitu kilichoandikwa kwa maneno hayohayo kwenye ukurasa wa pili. Swali kama hilo linapima macho.

Chukueni hili. Gunia la mahindi Kibaigwa lilikuwa shilingi 100,000. Bei ikapanda kwa asilimia 20, mavuno yalipoingia ikashuka kwa asilimia 20. Sasa ni bei gani? A: 100,000. B: 96,000. C: 80,000. Anayechagua A hajabahatisha, ana imani yake: kwamba 20 ya kupanda na 20 ya kushuka ni kiasi kimoja, wakati ya pili imekatwa kwenye 120,000. Anayechagua C amesoma nusu ya swali. Kwa hiyo kila kipotoshi, yaani jibu la kutegea, kinanipa habari. Nikiona watu 130 kati ya 240 wamekwenda A, kesho nafundisha upya msingi wa asilimia, basi. Simu 240 za mdomo zisingenipa picha hiyo kwa haraka namna hiyo.

Na kuna jambo watu hawalizungumzi kabisa. Maswali hayatumiki kupima peke yake, yanasaidia kukumbuka. Roediger na Karpicke, watafiti wa Marekani, walilionyesha mwaka 2006. Wanafunzi walisoma habari fulani. Wengine wakairudia kuisoma, wengine wakajipima kwa kuandika walichokumbuka. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja, waliojipima ndio waliokuwa wanakumbuka zaidi. Kwa hiyo mimi ningekwambia weka maswali mengi zaidi, madogomadogo, yasiyo na alama, kila baada ya kurasa chache. Alama za cheti zitafutiwe mahali pengine. Hapo kwenye "mahali pengine" ndipo naweza kukutana na mleta mada.

Karani wa Mtumba

Mahali pengine ni ukumbini. Chuo Kikuu Huria kipo tangu 1992, kinafundisha watu kwa masafa, na kwa miaka mingi watu wake wamekuwa wakifika kwenye vituo vya mikoa kufanya mtihani wakiwa wamekaa, msimamizi anazunguka. Mbona hakuna aliyelalamika kwamba masafa yameharibika? Usome popote, upimwe tukikuona. Msituzungushe.

Binti wa Mpwapwa

Kaka Karani, wewe toka Mtumba hadi ukumbini ni bodaboda. Mimi nije Dodoma mjini, nauli, kulala, kula, na ruhusa ya bosi, kwa ajili ya moduli moja? Watu wa Kondoa na wa Kongwa ndani ndani huko wafanyeje? Kozi ya mtandaoni tuliichagua kwa sababu hiyohiyo.

Lakini na nyie wa maswali ya mtandaoni mtusikilize. Mtihani una dakika 30, saa inahesabu kinyumenyume. Umeme ukikatika mnara nao unalegea, ukirudi unakuta mtihani umejifunga. Umepata 4 kati ya 20, na hayo 16 hukuyaona. Hiyo 4 inasema nini kuhusu ninachokijua? Kuna kozi nyingine nilisoma ilitaka kamera iwashwe muda wote nisije nikaibia. Bando liliisha kabla ya maswali. Tena ile programu ikawa inaniandikia haioni uso, hadi nikasogea chini ya taa kama napigwa picha ya pasipoti.

Mimi kati ya vyote hivyo naona sauti ndiyo nafuu. Siyo simu ya moja kwa moja. Niulizwe swali, nipewe muda mpaka kesho asubuhi, nijirekodi dakika 2 kwa Kiswahili changu, nitume mtandao ukikubali.

Fundi wa Maswali

Dada, la uso si la taa yako tu. Mwaka 2018 watafiti Joy Buolamwini na Timnit Gebru walipima programu za kutambua jinsia kwa picha ya uso. Kwa wanaume weupe makosa yalikuwa chini ya asilimia 1. Kwa wanawake wenye ngozi nyeusi, programu mojawapo ilikosea kwa asilimia 34.7. Kazi ile si sawa na kusimamia mtihani, najua, ila mtu anayetaka kamera imwamulie nani kaibia aanze kwa kulisoma hilo. Na tangu Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayofanya kazi. Video ya chumba cha mtu na uso wake ni taarifa binafsi. Chuo kinachorekodi kiseme kinaihifadhi wapi na mpaka lini.

Ila sauti ya kujirekodi una mpaka kesho asubuhi? Utaandikiwa jibu na ChatGPT, ile programu ya akili mnemba, ulisome kama habari za saa mbili usiku.

Binti wa Mpwapwa

Wakisoma utawajua. Mtu anayesoma na mtu anayeeleza hawafanani hata kidogo.

Mwalimu wa Chamwino

Shikamooni wakubwa. Naona mnazungumzia siku ya mwisho ya kozi tu. Mwaka 1959 Donald Kirkpatrick, mtaalamu wa Marekani wa mafunzo kazini, aliandika kwamba mafunzo ya kazini yapimwe kwa ngazi nne: watu wameyapenda, wamejifunza, wamebadilika kazini, na kazi yenyewe imepata matokeo. Kozi zetu nyingi zinaishia ngazi ya kwanza na kipande cha pili. Unajaza fomu ya kuridhika, unabonyeza maswali 10, kwaheri.

Sisi walimu tuna Jumuiya za Ujifunzaji shuleni, kwenye mpango wa MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini. Tunakaa, tunapanga somo, mmoja anaingia darasani wenzake wanamtazama, tunarudi kujadili. Kama nimesoma mtandaoni namna ya kufundisha kuhesabu kwa darasa la pili, kwa nini mkufunzi aliye mbali ahangaike na simu? Mwenzangu aje wiki ya tatu, akae nyuma ya darasa, aone natumia au nimerudi kwenye kukaririsha. Ajaze karatasi moja. Akili mnemba haiwezi kunifundishia darasa la watoto 90.

Chaki Nyeupe

Hili nalikubali zaidi kuliko simu. Hofu yangu ni moja, mwalimu: rafiki yako wa ofisi moja, mnayekopeshana hela ya chumvi, atakuandikia "hajabadilika"?

Mwalimu wa Chamwino

Akiulizwa "amefaulu au hajafaulu", hataandika. Akiulizwa "mtoto alipokosea, mwalimu alifanya nini?" ataandika alichokiona. Msimweke mwenzangu awe hakimu, mwekeni awe shahidi.

Mchokonozi wa Makole (mleta mada)

Nimewasikia. Basi naipunguza hoja yangu, siiondoi. Maswali ya kuchagua yabaki njiani, bila alama, kama Fundi anavyotaka. Kazi ya mahali pako ibaki, na shahidi wa mwalimu aongezwe panapowezekana. Kuhojiwa kwa mdomo kubaki pia, ila wachaguliwe kwa kura 40 tu kati ya 240. Watangaziwe siku ya kwanza kwamba yeyote anaweza kupigiwa. Chaki Nyeupe, saa 20 zako zimeshuka hadi 3 na dakika 20.

Chaki Nyeupe

Zimeshuka, asante. Ila sasa hujapima, umetisha. Hao 200 ambao kura haikuwaangukia wanaondoka na cheti kilekile, na mwajiri hajui yupi alihojiwa.

Karani wa Mtumba

Ndiyo nasema ukumbini.

Binti wa Mpwapwa

Na kura ikiniangukia siku ambayo mnara umelala, naandikiwa nimefeli?

Mchokonozi wa Makole (mleta mada)

Hapana, unapangiwa siku nyingine, hata mara tatu.

Chaki Nyeupe

Kwa saa za nani, mkuu? Mkataba wangu unalipa kwa moduli. Hakuna mstari unaotaja simu.