Saa 212 kitabuni: nianzie kiti cha kulia cha Caravan au ualimu wa urubani?

Binti wa Kilosa

Shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu habari zenu.

Nimepata leseni ya urubani wa biashara mwezi wa nne, nikiwa na saa 212 za kuruka katika kitabu changu cha kumbukumbu, karibu zote katika ndege ndogo za injini moja ya pistoni. Tangu hapo nimepeleka barua katika kila ofisi ya ndege za kukodi niliyoweza kuifikia Dar es Salaam na Arusha, na jibu limekuwa lilelile, kwamba wanamtaka mtu mwenye saa 500 au zaidi. Sasa imefunguka milango miwili. Kampuni moja inayopeleka watalii hifadhini iko tayari kuniweka kiti cha kulia, yaani cha rubani msaidizi, katika Cessna Caravan, ndege ndogo ya abiria yenye injini moja ya tabini, kwa sharti kwamba nijilipie mafunzo ya idhini ya ndege hiyo na kwamba kwa miezi sita ya mwanzo nipokee posho tu. Mlango wa pili ni chuo nilichosoma, ambacho kitaniajiri kuwa mwalimu nikilipia kozi ya ualimu. Wazazi wangu waliuza shamba ili nisome, kwa hiyo sina fedha ya kukosea mara mbili. Lengo langu ni leseni ya juu, ile ya urubani wa mashirika ya ndege. Nipite wapi?

Mzee wa Seronera

Marahaba, binti yangu, na hongera kwa leseni.

Vijana wengi huitazama namba 1,500 peke yake, yaani jumla ya saa za kuruka zinazotakiwa kwa leseni ya juu, ilhali kigezo cha ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ambacho mamlaka zetu hukifuata, kinauliza pia saa hizo zimetokana na nini. Ndani yake ziwemo angalau saa 250 za kuwa rubani kiongozi, ambazo sehemu yake yaweza kuwa chini ya usimamizi. Saa 200 za safari za masafa. Saa 75 za kuruka kwa kutegemea vyombo vya ndani ya ndege badala ya kutazama nje, na kati ya hizo zisizidi 30 za mashine ya mafunzo ya ardhini. Tena saa 100 za usiku. Hizo za usiku ndizo zinazowakwamisha marubani wa hifadhini. Viwanja vya Serengeti vya changarawe havina taa, na kila ndege lazima iwe imetua kabla jua halijazama, hivyo mtu anaweza kuruka miaka mitatu, akafikisha 1,500, na safu ya usiku katika kitabu chake ikabaki karibu tupu.

Jambo la pili ni zito zaidi kwako. Caravan imeidhinishwa kurushwa na rubani mmoja. Anayekaa kulia katika ndege ya namna hiyo, hata pale mamlaka inapodai rubani wa pili, kwa kawaida huhesabiwa nusu tu ya saa zake anapoomba leseni ya juu, isipokuwa kama mamlaka imekubali ndege hiyo iendeshwe na marubani wawili kwa utaratibu kamili. Kabla hujatoa hata shilingi, omba uoneshwe kwa maandishi hadhi ya kiti hicho. Ukijibiwa kwa maneno matupu, hesabu kwamba hujajibiwa.

Kiti cha Kulia

Ninathibitisha maneno ya mzee, kwa uchungu. Nilikaa kulia katika Caravan kwa miezi 18, nikaandika saa 640, zote kamili, kwa sababu kampuni iliniambia kwamba ndivyo wanavyofanya wote. Siku ya kukaguliwa kitabu nilikubaliwa 320. Hakuna aliyenirudishia chochote.

Hata hivyo, dada, sisemi kiti kile hakina faida. Nilijifunza kupita chini mara moja ili kufukuza nyumbu na pundamilia njiani kabla ya kutua, na nilijifunza kwamba katika kiwanja kilicho juu sana, saa nane mchana, ndege iliyojaa abiria na mafuta hula njia ndefu kuliko unavyodhani. Nilizoea pia injini ya tabini, jambo ambalo waajiri huliuliza mapema. Mimi ningekipokea tena, lakini kwa mshahara, na kwa hesabu ninayoijua tangu siku ya kwanza.

Mwalimu wa Wilson

Dada, mimi ninafundisha hapa Nairobi mwaka wa tatu sasa. Mwalimu huandika saa zake kama rubani kiongozi, zote, na hakuna mkaguzi atakayezikata. Pia utajua kurusha kwa namna ambayo mwanafunzi hawezi kuijua, kwa maana utalazimika kumwachia mtu akosee karibu na ardhi na kuamua, ndani ya sekunde chache, kama utashika usukani au utangoja.

Ubaya wake ni kwamba saa zako zitategemea mifuko ya wanafunzi. Ada ikichelewa, hakuna kuruka. Ndege ikingoja kipuri kutoka ng'ambo, mnakaa wiki tatu. Kiulize chuo kina ndege ngapi zinazoruka leo, si zilizoegeshwa, na kina walimu wangapi wanaozigombania.

Msafiri wa Texas

Huku Marekani wengi hukusanya saa kwa kufundisha, kuvuta mabango ya matangazo angani au kubeba wanaoruka kwa miavuli. Sharti la saa 1,500 kwa rubani msaidizi wa shirika lilianza 2013, kufuatia ajali ya ndege ya Colgan Air karibu na Buffalo, Februari 2009, iliyoua watu 50. Marubani wote wawili wa ndege ile walikuwa tayari wamevuka saa 1,500. Ndiyo maana ninakubaliana na mzee kuhusu aina ya saa.

Binti wa Kilosa

Nawashukuruni sana. Jana nilikwenda kwenye kampuni na kuomba maandishi yale. Meneja alisema kiti cha kulia kipo "kwa ajili ya kuwapa abiria imani", na hakuwa na karatasi ya kunionesha. Chuoni nimeambiwa ndege zinazoruka ni tatu na walimu ni wanne. Nitaanza kozi ya ualimu mwezi ujao, na nimeomba niwe ninapangiwa masomo ya usiku ambayo wenzangu hawayataki.