Tupeane uzoefu: nani anaishi na mwenye bodalaini?

Dada wa Langoni, Lamu:
Asalaam aleikum jamani. Mdogo wangu ana miaka 24. Asubuhi mimi ni mamake wa pili. Alasiri nikichelewa kujibu ujumbe mmoja, aniambia nimemchoka, nataka afe. Usiku analia akiniomba radhi. Miaka sita tumehangaika, kombe la zafarani, kusomewa. Dua siachi hata leo, lakini jina la jambo hili tulilipata Mombasa, kwa daktari wa akili aliyekaa naye saa nzima: tatizo la haiba, yaani la namna mtu anavyohisi na kuhusiana na watu, liitwalo bodalaini (borderline). Kumbe kinachomwendesha si kiburi, ni hofu ya kuachwa. Nyinyi mwafanyaje?

Mama Barani, Malindi:
Pole mwanangu. Binti yangu alipojikata, muuguzi wa kwanza kumpokea alimwambia mbele za watu, "Unatafuta kuonwa tu." Neno lile lilikaa kuliko kidonda. Wengi huficha pia kwa kuogopa polisi, ingawa Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kumshtaki aliyejaribu kujiua ni kinyume cha katiba. Msifiche, na akisema anataka kufa msimwache peke yake.

Kilichomsaidia ni tiba ya mazungumzo iitwayo DBT, kila wiki, zaidi ya mwaka. Aliyeibuni ni Marsha Linehan, mwanasaikolojia wa Marekani, ambaye mwaka 2011 alieleza hadharani kwamba naye alilazwa usichanani kwa kujidhuru. Binti yangu aliposikia aliuliza mara mbili, "Mwenyewe?" Sasa dhoruba ikimpanda, anatia barafu ya muuza samaki kwenye beseni la maji, anazuia pumzi na kuzamisha uso. Mapigo ya moyo hushuka, ndipo tunazungumza. (Mwenye ugonjwa wa moyo amuulize daktari kwanza.)

Kijana wa Shela:
Mimi ndiye huyo mnayemzungumza. Bodalaini haina kidonge chake. Vyangu ni vya huzuni inayoandamana nayo. Kaka yangu ni nahodha. Zamani alitoka kimya nisije nikafanya fujo, nami nikiamka nikakuta kitanda kitupu, basi tena. Siku hizi huniambia, "Naenda Kiwayu, narudi Alhamisi baada ya alasiri." Pepo zikimchelewesha, hupiga simu. Bado naumia, lakini nangoja.

Dada wa Langoni, Lamu:
Kaka, Mungu akuweke. Kesho nina safari ya Mokowe, na nilikuwa nimepanga kutoka kabla hajaamka. Nitamwamsha nimwambie saa ya kurudi.