Mafundi wa injini za boti, acheni kutuuzia koili wakati ugonjwa ni chumvi kwenye soketi!

Wakuu, leo sitapima maneno. Injini inagoma kuwaka asubuhi, au inawaka halafu inakatakata ukiiongezea mafuta. Unaita fundi. Hafungui soketi hata moja, hana mita mkononi, anatamka tu: "Koili imekufa." Unanunua koili, kile kifaa kinachokuza umeme wa plagi. Baadaye anasema ni CDI, kile kisanduku cha elektroniki kinachoiamuru koili. Kisha plagi zote. Boti inatembea siku chache kwa sababu moja tu: alipokuwa anabadilisha alichomoa na kuchomeka soketi, pini zikajikwangua, umeme ukapita. Unyevu ukirudi, ugonjwa ni ule ule, na yeye ana kipuri kingine cha kukutajia.

Safari hii nilifungua mwenyewe waya wa erthi wa koili pale ulipofungwa kwenye bloki. Chini ya bolti kulikuwa na unga wa kijani wa shaba na unga mweupe wa alumini. Nikachuna ganda la waya: ndani nyuzi nyeusi tii, ukizikunja zinakatika. Nikakata mpaka nikafika kwenye shaba inayong'aa, nikabana kichwa kipya, nikasugua kiti cha bolti kwa brashi ya waya. Injini ikawaka, na koili ni ile ile niliyoambiwa imekufa!

Nani asiyejua kwamba chumvi hunyonya unyevu wa hewani? Boti haihitaji hata kupigwa na wimbi. Koili inatoa makumi ya maelfu ya volti, na umeme wa nguvu hiyo ukipata utando wa chumvi yenye majimaji juu ya waya wa plagi, au ufa ndani ya kofia ya distributa (kigawa umeme kwa plagi), unakimbilia kwenye chuma na kuiacha plagi bila cheche. Upande wa volti 12 ni kinyume: pale kutu inauzuia umeme, koili inapata pungufu, cheche inakuwa dhaifu. Upungufu huo wa volti 12 mita ya bei rahisi inauonyesha kabla hujanunua chochote.

Na hizo "kinga" zenu ndizo zinazoniudhi zaidi. Fundi anaziba soketi kwa silikoni ya madirisha, ile inayonuka siki. Hiyo harufu ni asidi, na inaila shaba humo humo mlimoifungia! Mwingine anapulizia dawa ya kufukuza maji na kuhesabu kazi imekwisha, wakati dawa hiyo hukauka na kuacha ulinzi mdogo sana. Mwingine anaosha injini kwa mashine ya presha na kuyasukuma maji mpaka nyuma ya mipira ya soketi.

Kazi yenyewe si siri. Safisha pini kwanza, zikauke kabisa, ndipo upake grisi ya silikoni kidogo ndani ya mpira wa plagi na kwenye mdomo wa soketi. Grisi hiyo haipitishi umeme. Kazi yake ni kuzuia maji. Waya uwe wa shaba iliyopakwa bati, na kiungo kivalishwe mpira wa kusinyaa kwa joto wenye gundi ndani, maana utepe mweusi unabandukabanduka na kuyafungia maji humo. Ukisuuza injini kwa maji baridi yasiyo na chumvi, iache wazi ikauke kabla ya kurudisha kifuniko, na uangalie kama mpira wa kifuniko bado unabana.

Lakini anayenitia hasira kuliko wote ni yule anayefunga distributa au stata ya gari kwenye injini ya petroli ya ndani ya boti, eti "zinafanana". Hazifanani! Ya boti imetengenezwa ili cheche ya ndani isiwashe mvuke wa petroli ulio nje yake. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, unatulia kwenye ngama, chini kabisa ndani ya boti, hauendi popote. Huyo fundi anaweka watu juu ya bomu na kudai ujira.

Kuanzia sasa silipii kipuri cha umeme mpaka soketi zifunguliwe mbele yangu na volti zipimwe nikiona. Na kipuri cha zamani nakichukua. Wewe uliyebadilishiwa koili, weka hapa: ulionyeshwa kipimo gani?