Shahada nikiwa na miaka 44: chuo huria au kukaa chuoni?

Mwalimu wa Rukwa
Ndugu zangu, salaam. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina umri wa miaka 44 na stashahada niliyoipata nikiwa kazini. Nimeazimia kusoma shahada ya elimu, lakini sijaamua kama nijiunge na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania huku nikiendelea kufundisha, au niombe ruhusa ya masomo nikakae chuoni pamoja na vijana wa umri wa mwanangu wa kwanza. Mama yangu mzazi ananitegemea. Kinachonitia hofu kuliko ada ni kwamba sijasoma maandishi mazito kwa muda mrefu, na sijui kama akili bado inashika. Naomba ushauri wa waliopitia njia hizi.

Muuguzi wa zamu
Mwalimu, hongera kwa azma hiyo. Mimi nimesoma Chuo Kikuu Huria huku nikiingia zamu hospitalini. Chuo kile kilianzishwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1992, na kwa kuwa kina vituo mikoani, hutalazimika kuacha kazi ili ufanye mitihani. Unajisajili kwa masomo unayoyamudu, hivyo mwaka wenye mgonjwa nyumbani unapunguza mzigo badala ya kuacha kabisa. Kuhusu akili, ni kweli kwamba mtu mzima hakariri kwa wepesi wa kijana, lakini ukisoma saikolojia ya ukuaji wa mtoto utawaona wanafunzi wako wa darasa la pili katika kila aya. Kilichonichosha mimi ni kukosa muda: baada ya zamu ya usiku nilirudia ukurasa uleule bila kuuelewa, mpaka nilipohamishia masomo yangu alfajiri, kabla nyumba haijaamka.

Mama wa Morogoro
Naomba nitofautiane na aliyetangulia, kwa sababu upweke wa kusoma mbali na wenzako unawaangusha wengi wenye uwezo. Mimi niliomba ruhusa nikakaa chuoni. Mwanzoni vijana waliniamkia shikamoo kila nilipoingia ukumbini na hakuna aliyetaka niwe kwenye kundi lake la majadiliano. Ilipofika mazoezi ya kufundisha, hao hao walinifuata niwasaidie kuandaa maandalio ya somo. Wala tusijione wageni pale: baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, uamuzi wa chama cha TANU kuhusu elimu, kufanya kazi kwanza na kupendekezwa kutoka kazini vilikuwa masharti ya kuingia chuo kikuu kwa waombaji wengi. Ukiweza kupata mtu wa kumwangalia mama, nenda ukakae chuoni.

Afisa utumishi mstaafu
Mwalimu, kabla hujachagua chuo, angalia cheti chako. Sifa ya kawaida ya kuingia shahada kwa stashahada ni GPA (wastani wa alama zako zote) isiyopungua 3.0, aliye chini ya hapo anaweza kuuliza kuhusu kozi ya msingi ya Chuo Kikuu Huria au utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa, unaosimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu. Mkopo usiutegemee, kwa kuwa miongozo ya Bodi ya Mikopo ya miaka ya karibuni imeweka ukomo wa umri wa miaka 35, jambo ambalo kwangu ni dhuluma kwa watu waliokwisha kulitumikia taifa. Muhimu kuliko yote, hata ukisoma huria, mwandikie mkurugenzi wa halmashauri kupitia kwa mwalimu mkuu na afisa elimu, na utunze nakala ya ruhusa. Nimeshuhudia watumishi wakileta vyeti halali vya shahada, kisha mabadiliko ya muundo wao, yaani kupandishwa cheo na mshahara kulingana na shahada, yakakwama kwa sababu hakuna barua iliyoonyesha kuwa mwajiri alijua wanasoma.

Mwalimu wa Rukwa
Nawashukuru sana. GPA yangu inatosha, na kwa hali ya mama nimeamua kusoma huria. Barua nitaiwasilisha kwa mwalimu mkuu Jumatatu. Muuguzi, wenzako wa kusoma nao uliwapataje, kituoni au kwa njia ya simu?

Muuguzi wa zamu
Niliwapata kituoni, wakati wa vipindi vya ana kwa ana. Usikose kile cha kwanza, na uchukue namba za simu za wanaoishi wilaya yako.