Softiboli ya vyuo: mrushaji aliyewanyamazisha Ijumaa, mbona Jumapili anapigwa?

Mdau wa Austin

Wakuu, habari za saa hizi. Nafuatilia softiboli ya wanawake ya vyuo vya Marekani, hasa Texas na Oklahoma, ambazo ziliingia pamoja ligi ya SEC Julai 2024. Kanuni za msingi nazijua. Kinachonitatiza ni wikiendi yenyewe ya mechi tatu dhidi ya mpinzani mmoja. Ijumaa mrushaji anawazima wapigaji wote, halafu Jumapili wapigaji walewale wanamtoa ininga ya pili (ininga ni zamu moja ya kila timu kupiga). Kuchoka tu, au kuna jingine?

Naomba pia mnieleweshe karatasi ya wachezaji yenye majina kumi wakati wapigaji ni tisa, na namna ya kuandika daftari la alama ili mwisho wa wikiendi nione mechi zote tatu kwa pamoja. Mechi nyingine huishia ininga ya tano, hiyo najua ni tofauti kubwa ya mikimbio, ila sijui inaathiri vipi mechi inayofuata.

---

Kona ya Tatu

Karibu sana, mkuu. Kuchoka kupo, lakini jambo kubwa ni idadi ya mara ambazo mpigaji amemwona mrushaji yuleyule. Piga hesabu. Mechi kamili ni ininga saba, auti tatu (wachezaji watatu wa upande unaopiga kutolewa) kila moja, yaani auti 21. Wakifika beisi watu sita wasiotolewa baadaye, mrushaji amekutana na wapigaji 27, maana yake kila mmoja wa wale tisa amesimama mbele yake mara tatu. Kocha akimrudisha Jumamosi kumalizia ininga tatu, wanaongeza mara moja. Akianza Jumapili, mpigaji wa kwanza kwenye orodha anamkuta kwa mara ya tano.

Kwa nini hilo ni zito hivyo? Bamba la mrushaji liko mita 13.11 kutoka hom, anaposimama mpigaji. Anaporuka mbele na kuuachia mpira kwenye nyonga, umbali uliobaki ni kama mita 11. Mpira wa kilomita 110 kwa saa unafika kwa takriban sekunde 0.4. Ndani ya muda huo hakuna nafasi ya kuangalia kwanza na kuamua baadaye. Mpigaji anaamua kwa alama chache za mwanzo: mkono unavyopita nyongani, mshono unavyozunguka, mpira unatokea juu kiasi gani. Mara ya kwanza anabahatisha. Mara ya tano anajua kwamba raizi (mrusho unaopanda) ya huyu dada hutoka na mshono unaozunguka kurudi nyuma na huvuka usawa wa kitovu, kwa hiyo anauacha upite, anasubiri dropu (mrusho unaozama).

Mrushaji mwenye mirusho miwili tu ndiye anayeumia zaidi. Wa mirusho minne, tuseme raizi, dropu, kevu (unaopinda pembeni) na cheinjapu (wa polepole wa kumlaghai mpigaji), anaweza kuuficha mmoja Ijumaa. Makocha wazuri hufanya hivyo makusudi: Ijumaa, ukiwa mbele kwa mikimbio mitano, hakuna sababu ya kuonyesha cheinjapu. Iwekwe kwa ajili ya Jumapili.

Mfano ulio wazi kabisa ni fainali ya ubingwa wa vyuo ya 2025 pale Oklahoma City, Texas dhidi ya Texas Tech. Haikuwa mechi ya ligi, ila muundo ni uleule, mshindi wa mechi mbili kati ya tatu. NiJaree Canady wa Texas Tech alirusha mechi mbili za mwanzo: Texas wakashinda ya kwanza 2–1, Tech wakashinda ya pili 4–3. Mechi ya tatu akaanza yeye tena. Texas wakapata mikimbio mitano ininga ya kwanza, akatolewa, ikaisha 10–4. Canady ni miongoni mwa warushaji bora kabisa wa mchezo huu. Uwezo wake haukupotea usiku mmoja. Wapigaji wa Texas walikuwa wamemwona vya kutosha.

Softiboli ya NCAA, chama cha michezo ya vyuo Marekani, haina kikomo cha mirusho, ndiyo maana kishawishi cha kumrudisha nyota wako kila siku ni kikubwa. Mpango wenye akili ni kuwa na warushaji watatu wasiofanana. Wa Ijumaa akiwa wa raizi, Jumamosi weka wa dropu. Macho ya wapigaji yamezoea juu, sasa mpira unazama chini ya gongo na wanapiga mipira ya chini kuelekea wachezaji wa ndani. Wa mkono wa kushoto akiwepo, mpe kazi ya kuingia katikati. Na mabadiliko yafanyike *kabla* orodha haijazunguka mara ya tatu, kwa kawaida ininga ya tano. Kocha anayengoja mpaka mpira uvuke uzio amechelewa.

Kosa ninaloliona sana ni kumleta mrushaji wa dropu beisi zote zikiwa zimejaa. Dropu nzuri hugonga udongo. Mdakaji asipoizuia kwa kifua, mkimbiaji wa beisi ya tatu anaingia bila mtu kupiga kitu. Ukimtaka huyo, mlete mwanzo wa ininga, beisi zikiwa tupu.

---

Orodha Kumi

Nachukua swali la majina kumi, maana watangazaji hulipita haraka.

Wapigaji ni tisa. Mmoja wao ni DP (mchezaji mteule), anayepiga kwa niaba ya mchezaji mwingine anayecheza ulinzi tu. Huyo wa ulinzi anaitwa fleksi, jina lake hukaa la kumi, chini kabisa. Mara nyingi fleksi ni mrushaji, lakini si lazima.

Tuseme DP anapiga wa nne na fleksi ndiye mrushaji:

– DP akienda kulinda beisi ya kwanza mahali pa mpigaji wa saba, hakuna aliyetoka. Wa saba anaendelea kupiga, mmebaki kumi.
– DP akimpokea fleksi kwenye ulinzi, fleksi ametoka. Mmebaki tisa.
– Fleksi akimpigia au kumkimbilia DP, DP ametoka. Mmebaki tisa.
– Wote wawili wanaweza kuwa uwanjani kwenye ulinzi kwa wakati mmoja. Kwenye kupiga, kamwe.

Aliyeanza mechi anaruhusiwa kutoka na kurudi mara moja, kwenye nafasi yake ileile ya orodha. Akitoka mara ya pili, basi. Hapa ndipo pana uhusiano na alichosema Kona ya Tatu: mrushaji aliyeanza anaweza kutolewa ininga ya tano ili wapigaji waone sura mpya, kisha akarudishwa ya saba kufunga mechi. Ndiyo maana ukiona nyota ametoka, usifunge daftari lake.

Linaloharibika: fleksi ana mbio, kocha anamtuma amkimbilie mpigaji wa saba. Hairuhusiwi. Fleksi anaingia kwenye nafasi ya DP peke yake. Upande wa pili wakikata rufaa kwa mwamuzi, kuna adhabu. Kabla ya kutuma mkimbiaji, msaidizi wa kocha aangalie nani yuko nafasi ya DP wakati huo.

---

Daftari na Penseli

Mdau, kwa daftari fanya hivi. Watu wengi hutumia ukurasa mmoja kwa mechi moja, na hapo ndipo picha ya wikiendi inapopotea. Tumia ukurasa mmoja kwa kila mpigaji, uugawe safu tatu: Ijumaa, Jumamosi, Jumapili. Kila anaposimama kupiga, chora mraba wa vyumba tisa, vitatu kwa vitatu, kama eneo la straiki (mpira unapopaswa kupita) linavyoonekana kutoka kwa mdakaji. Ndani ya chumba andika herufi ya mrusho: R raizi, D dropu, V kevu, C cheinjapu. Zungushia duara mrusho alioupiga. Pembeni andika hesabu ya boli (mirusho iliyopita nje ya eneo hilo bila kupigwa) na straiki ilivyokuwa, na namba ya mrushaji.

Namba za ulinzi ni zilezile za besiboli: 1 mrushaji, 2 mdakaji, 3 beisi ya kwanza, 4 ya pili, 5 ya tatu, 6 shotstopu, 7 kushoto, 8 katikati, 9 kulia. Kwa hiyo 6-3 ni shotstopu ametupa beisi ya kwanza. K ni auti ya straiki tatu, K iliyogeuzwa ni aliyeachia ya tatu ipite bila kupiga.

Ongeza kitu kimoja ambacho daftari za kununua hazina nafasi yake: miguu ya mpigaji. Boksi la kupigia lina urefu wa mita 2.13. Andika M kama yuko mbele, N kama yuko nyuma. Mpigaji aliyezamishwa na dropu Ijumaa akaja Jumamosi amesogea mbele, anataka kuupiga mpira kabla haujazama. Mdakaji makini anaona hilo na kumwashiria kocha, na mrusho unaofuata ni raizi kifuani. Ukiwa na safu tatu kando kwa kando utaliona hata wewe uliye jukwaani.

Wapigaji wa slapu, wale wa mkono wa kushoto wanaoanza kukimbia huku wanapiga, wape alama ya pekee. Beisi ziko mita 18.29 tu, na wenye mbio hufika ya kwanza chini ya sekunde tatu. Andika wachezaji wa beisi ya kwanza na ya tatu walikuwa wamesogea kiasi gani. Ijumaa wakisogea sana kuzuia banti (mpira unaoguswa kidogo tu kwa gongo udondoke karibu), Jumamosi atausukuma mpira wa kurukaruka uwapite.

Auti mbili zitakusumbua kuandika. Mkimbiaji akiacha beisi kabla mpira haujatoka mkononi mwa mrushaji, ni auti na mrusho haukuhesabiwa: usiongeze boli wala straiki. Na mrushaji akiwa na mpira ndani ya duara lake, lenye nusu kipenyo cha mita 2.44, na hamchezei mkimbiaji, mkimbiaji lazima achague mara moja kwenda au kurudi. Akisitasita ni auti, ingawa hakuna mpira uliotupwa.

---

Upepo wa Kusini

Kuhusu mechi kuishia ya tano: tofauti ya mikimbio minane au zaidi baada ya ininga tano inamaliza mechi. Faida yake Ijumaa ni kubwa kuliko ushindi wenyewe. Mrushaji wako ametoa auti 15 badala ya 21, na wapinzani wamemwona mara mbili kila mmoja, wengine hata mara mbili hazikufika. Ukiwa mbele saba kwa bila ininga ya nne, mkimbio mmoja zaidi una thamani ya Jumapili nzima, kwa hiyo usishangae kocha anapiga banti kuutafuta. Hadharau mtu.

Angalieni pia bendera kabla ya mechi. Oklahoma mwezi Aprili upepo wa kusini huvuma kwa nguvu, na uzio kwenye viwanja vingi uko kama mita 61 pembeni na mita 67 katikati. Upepo ukielekea nje, mrushaji wa raizi yuko hatarini, kwa sababu raizi ikipigwa huwa mpira wa juu. Siku hiyo anza na wa dropu hata kama si zamu yake.

Na mvua. Ligi nyingi huweka saa ya mwisho ya kuanza ininga siku ya kusafiri, ili wageni wawahi ndege. Kocha anayehifadhi mrushaji kwa mechi ya tatu ambayo huenda isichezwe amejiumiza. Hali ya hewa haina huruma: mashindano ya SEC ya 2025 hayakufika fainali kwa sababu hiyo, Oklahoma na Texas A&M wakatangazwa mabingwa wa pamoja.

---

Mdau wa Austin

Asanteni sana, nimeelewa vizuri. Swali moja limebaki. Kona ya Tatu amesema kuficha mrusho. Lakini kocha ndiye anayeita mirusho kutoka benchi, na wapinzani wanasikia. Hawaibi ishara kwa siku tatu?

---

Kona ya Tatu

Wanajaribu. Ndiyo maana timu nyingi hutumia kadi ya mkononi: kocha anataja namba tatu, mdakaji anatafuta safu na mstari kwenye kadi yake, anapata mrusho na mahali. Mrusho mmoja una namba nyingi, na kadi hubadilishwa kila mechi. Kadi ya Ijumaa ikirudiwa Jumapili, mtu mwenye daftari benchi la pili atakuwa ameshaunganisha namba na mirusho.

Wizi ulio hatari zaidi hautoki kwenye namba. Unatoka kwenye glavu ya mrushaji. Cheinjapu hushikwa tofauti, mara nyingi mpira ukizamishwa kiganjani, na mrushaji asiye makini hufungua glavu kidogo au hukawia kutafuta mshiko. Mkimbiaji aliye beisi ya pili anauona mkono huo moja kwa moja na anampa mpigaji ishara. Dawa yake: ashike cheinjapu kwanza kila mara, ndani ya glavu iliyofungwa na kuegemezwa tumboni, kisha ahamie mshiko wa mrusho ulioitwa. Muda unakuwa uleule kwa mirusho yote. Kwenye daftari lako, mkimbiaji akiwa beisi ya pili weka nukta juu ya mraba. Ukikuta cheinjapu zilizopigwa vizuri zote zina nukta, umejua tatizo liko wapi.